Waya wa Upande wa Kushoto

Nasimiyu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la mahindi nyuma ya ghala la Baba hapa kijijini Kwanza, mikono ina grisi na karatasi imeshachafuka pembeni. Mwaka umepita tangu tukuzike Kabuchai, na ndiyo mara ya kwanza naandika jina lako bila kalamu kusimama hapo hapo. Watu walitegemea nilie. Nililia kidogo, kisha nikawa na hasira, na hasira ndiyo iliyokaa. Nataka usikie kutoka kwangu mwenyewe kwamba Gitau ameanguka. Hakuanguka majini, ingawa mimi nilitaka aangukie majini, tena pale pale ulipoangukia wewe. Nitakueleza yote. Na pale nilipokukosea, nitakueleza pia, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia.

Huwa najiuliza kama huko uliko unakumbuka tulivyoanza. Mimi nakumbuka kwa niaba yetu wote wawili. Tulikuwa walimu wapya kwenye shule ile nje kidogo ya Kitale, wewe wa fizikia, mimi wa kilimo, tukigawana chumba kimoja na jiko moja la mafuta. Jumapili moja baada ya kanisa, Gitau, mtoto wa baba yangu mdogo, akatualika kwenye bwawa la lile shamba la mbegu, ambako walowezi wa zamani waliacha kibanda cha mbao na boti za tanga, na wakulima wa sasa wakaendeleza klabu. Gitau ndiye aliyekuwa msimamizi wa vifaa. Alilelewa nyumbani kwetu, tulikula sahani moja naye. Mimi sikujua hata kuogelea. Wewe ulikuwa umejifunza mto Kuywa, na ulipoona boti ile nyembamba imelala kwenye nyasi, rangi imebambuka, ukaizunguka mara tatu. Kisha ukauliza, "Hii inabeba watu wangapi?" Gitau akasema wawili, mmoja wa kushika usukani na mmoja wa kuning'inia nje. Ukanigeukia. "Mimi ni mrefu na nina uzito, nitaning'inia. Wewe shika usukani, si unapenda kuamuru watu."

Basi ndivyo tulivyopata Mbayuwayu, boti yetu, na ndivyo ulivyopata ule waya wa kuning'inia ambao sisi tuliuita bembea. Nyaya mbili, moja kila upande, kutoka juu kwenye mlingoti hadi kwenye mkanda uliovaa kiunoni. Upepo ukilaza boti, wewe unajifunga ndoana, unakanyaga ukingo, unajitupa nje mwili mzima juu ya maji, mgongo chini, uso juu, na boti inasimama wima kwa uzito wako. Mara ya kwanza ulipofanya hivyo ulicheka mpaka ukashindwa kuvuta kamba ya tanga la mbele, tukapinduka. Nilimeza maji ya bwawa na bado nikasikia unacheka upande wa pili wa boti.

Lakini kuning'inia hakukuwa penzi lako. Penzi lako lilikuwa ile saa moja kabla, pale kwenye nyasi, tukiandaa mlingoti. Ulikuwa na lile daftari la mraba la hesabu. Uliandika humo kila kitu: mlingoti umelala nyuma kiasi gani, waya wa ubavuni unaoshikilia mlingoti umekaa tundu la ngapi, bembea imefupishwa au imerefushwa kwa vidole vingapi. Upepo uliupa majina yako mwenyewe. Kulikuwa na upepo wa kukausha nguo, upepo wa kupepeta maharage, na upepo wa kung'oa mabati. Kwa upepo wa mabati uliandika: shusha tundu moja, mlingoti ulale nyuma kidogo, boti isitunyanyase. Ulinipandisha kwenye kigoda na futi ya kupimia, nipige kipimo kutoka kilele cha mlingoti hadi ukingo wa nyuma, na nikikosea kwa upana wa kidole ulinirudisha juu. Ukimaliza kupima unagonga waya wa ubavuni kwa kidole cha kati, unainamisha kichwa, unasikiliza. Baba yako anapiga litungu, kile kinanda cha nyuzi, nadhani ndiko ulikotoa lile sikio. "Bado iko chini," unasema. Tunakaza. Unagonga tena. "Sasa imekaa."

Nilikuwa nakutania kwamba mwalimu wa fizikia anapima kwa sikio. Ulinijibu kwamba futi inaweza kudanganya, na mtu wa kushika futi ndiye anayedanganya zaidi.

Januari ile, Nasimiyu. Mahindi yameshatoka mashambani, ardhi imekauka, upepo unatoka upande wa mlima Elgon unasukuma vumbi mpaka machoni. Wiki mbili kabla ya mashindano ulikuwa umemwambia Gitau kwamba bembea zote mbili zimechakaa, nyuzi zimeanza kuchomoza, na ukataka nyaya mpya za chuma kisichoshika kutu ziagizwe Nairobi. Akasema atashughulikia. Ijumaa ya kabla ya mashindano akatuletea nyaya zimeshafungwa mlingotini, zinang'aa, na pale juu zinapokamatana na mlingoti amezungushia mkanda mweusi wa fundi wa stima.

Asubuhi ile ya Jumamosi, kabla hatujasimamisha mlingoti, ulipiga magoti ukashika ule mkanda mweusi kwa kucha. Ukamwuliza Gitau ni wa nini. Akasema ni wa kuzuia maji, ndio mtindo wa siku hizi. Ukaanza kuubandua. Uliniangalia ukasema, "Wambui, mimi sipendi kuning'inia kwenye kitu sijakiona."

Na mimi nikasema, "Wachana nayo bana, tutachelewa."

Hilo ndilo neno. Nimelibeba mwaka mzima. Hakuna aliyelisikia isipokuwa wewe na mimi, na yeye. Uliubandika ule mkanda tena kwa dole gumba, ukanyanyuka, ukafuta magoti.

Sitakueleza tulichofanya majini, ulikuwepo. Ulikuwa upepo wa mabati. Ulirefusha bembea vidole viwili kwa kile kikamba cha chini cha kurekebishia urefu ili uzito wako ufike mbali, kama ulivyofanya mara mia, na tulikuwa tumewapita wote. Maji yalikuwa yamepungua na visiki vya miti iliyofunikwa na maji bwawa lilipojengwa vilikuwa karibu na uso wa maji upande wa mashariki. Nilijua viliko, nilivizunguka kwa upana niliodhani unatosha. Kisha nikasikia kitu kama jiwe dogo limegonga bati, na wewe hukuwa pale ulipokuwa. Hukupiga kelele. Uliniangalia tu wakati unakwenda, na macho yako yalikuwa kama ya mtu anayetaka kuuliza swali. Boti ikalala upande wa pili ikaniburuta. Nilipotoa kichwa majini nilikuona umelalia kisiki, shingo imekaa vibaya, na maji yanakutikisa taratibu.

Waliokuja na boti ya injini ndio waliokutoa. Mimi nilikuwa nimeshikilia mlingoti, sikuweza kuachia vidole.

Tulikuzika kwenu Kabuchai, nyuma ya nyumba, upande wa miwa. Wanafunzi wako walikuja na sare. Mama yako, ambaye siku zote nimemwita Mayi kama ulivyomwita wewe, alikaa kwenye kiti cha plastiki wima kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Gitau akaomba kuzungumza kwa niaba ya klabu. Nilikuwa safu ya pili. Alisema ulikuwa shujaa, ulikuwa mcheshi, na watu wakaitikia. Kisha akasema maneno haya, nimeyashika moja moja: "Dada yetu alikuwa na mazoea ya kurekebisha vitu mwenyewe. Siku ile alifungua waya akafunga vibaya. Tunamwomba Mungu atufundishe kusikiliza wataalamu."

Nyanya mmoja nyuma yangu akasonya. Mwingine akasema, ati ni nini kilimpeleka mwanamke aning'inie majini kama popo. Nikamwona Mayi akiinamisha kichwa, na tangu siku ile kichwa hicho hakikuinuka. Kanisani alihama benchi. Sokoni aliuza mboga zake bila kuangalia mtu. Ukawa mfano: mwalimu wa fizikia aliyejifunga mwenyewe vibaya.

Nami nilinyamaza. Hapa ndipo nilipokukosea mara ya pili. Nilikuwa nimekuona unarefusha kile kikamba, kwa hiyo nikajiambia labda Gitau ana ukweli. Lakini moyoni nilikumbuka mkanda mweusi, na sikutaka kwenda kuutazama. Ule mkanda kama ndio mwenye makosa, basi na mimi nilikuwa na makosa, kwa lile neno langu. Ilikuwa rahisi zaidi uwe na makosa wewe. Ulikuwa umekufa, hungebisha.

Gitau alikuwa ameshaondoa waya uliokatika siku ile ile, akasema anataka kunipunguzia uchungu. Boti yenyewe pamoja na mlingoti wake niliileta hapa Kwanza kwa trela ya Baba, ikawekwa ghalani, nikafunga mlango. Miezi tisa. Katikati ya mwaka Gitau alikuja mara mbili akisema anataka kuisafisha. Baba akamwambia mwenye boti hayupo, angoje. Sikutilia maanani. Nilikuwa nimeshaacha ualimu, nimefungua duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale, na kutwa nzima nilikuwa nauza dawa ya kupe na kukwepa wateja wanaojua jina langu.

Oktoba Baba akaniambia anahitaji ghala, mahindi yanakaribia, nitoe ile boti au niiuze. Nikaja asubuhi na kisu cha kukatia kamba za magunia. Nilidhani nitatenganisha vitu tu. Mlingoti ulikuwa umelala juu ya magunia, na waya wa upande wa kulia haukuwepo. Wa kushoto ulikuwepo. Ulikuwa umejizungusha kwenye mlingoti, na pale juu mkanda mweusi ulikuwa mzima.

Nilikaa chini muda mrefu. Kisha nikaukata ule mkanda.

Nasimiyu, ule waya haukuwa wa boti. Ulikuwa waya wa breki, ule unaouzwa kwa mita, umesuguliwa ung'ae. Na pale unapojikunja kutengeneza kitanzi, badala ya kubanwa kwa kile kibano kizito tulichozoea, alikuwa ametia kibomba cha alumini cha kuungia waya za stima, akakipondaponda kwa nyundo. Niliweza kuona alama za nyundo. Nusu ya kibomba ilikuwa imeshafunguka. Nilivuta kwa mikono miwili na waya ukateleza kidogo, upana wa kidole, halafu ukashika. Kwa kitu kama hicho ndivyo ulivyoning'inia.

Sikulia. Kitale kila fundi anamjua Gitau, kwa hiyo nilikwenda Bungoma mjini siku iliyofuata, nikauliza kwa mafundi wa pikipiki nyuma ya soko mmoja baada ya mwingine, nikiwaonyesha ule waya niliouchomoa mlingotini. Wa nne akautambua, kwa sababu ya kibomba. Alikuwa mzee mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniambia alimkatia nyaya mbili na kumpa vibomba kijana mmoja mrefu wa Kitale, Ijumaa, mwanzoni mwa mwaka, na kijana alikuwa na haraka sana. "Nilimwuliza ni za kazi gani, nijue nimpe ngumu ama rahisi. Akasema ni za kufungia geti ya ng'ombe." Nikamwuliza kama yuko tayari kusema hivyo mbele ya watu. Akanitazama, akakiangalia kile kibomba, akauliza nani alikufa.

Baadaye nilijua Gitau alikuwa amesahau tu. Hakuwa amepiga simu Nairobi hata mara moja. Ijumaa ilipofika akaona aibu kukwambia wewe, kwa sababu wewe ulikuwa ukiuliza swali mara mbili, basi akasafiri hadi Bungoma ambako hakuna anayemjua, akatengeneza mwenyewe. Kusahau ningemsamehe. Mtu husahau. Ila alisimama kando ya jeneza lako, udongo haujamwagwa, akakutupia wewe lawama, kwa sauti, mbele ya Mayi. Hilo sikulisamehe siku ile na silisamehe leo.

Nikaamua atakufa.

Najua hupendi kusikia hivi, lakini nimesema nitakueleza yote. Nilirudi Kitale nikawa mpole. Desemba nikamwambia Gitau kwamba nataka kurudi majini kwa mashindano ya Januari, kwa heshima yako, na sina mtu wa kuning'inia. Akasema ataning'inia yeye. Kisha akaniuliza, bila hata kuniangalia, "Hizo waya za bembea ulibadilisha?"

Nikasema, "Kwani zilikuwa na shida?"

Akasema hapana, ni vile zimekaa sana. Nikamwambia nimeshabadilisha, nimeagiza Nairobi. Akapumua. Nilimwona akipumua, Nasimiyu. Ni hapo nilipojua kwamba alikuwa akijua kila siku ya mwaka ule, kila mara alipokula nyumbani kwetu, kila mara aliposema "Mungu amlaze".

Nilikuja hapa ghalani kila jioni baada ya kufunga duka, jua likiwa bado lipo, nikaandaa boti kwa daftari lako. Sijawahi kuandaa boti vizuri hivyo. Nilipanda kwenye kigoda, nikapima, nikashuka, nikapima tena. Niliweka waya wa ubavuni tundu la upepo wa mabati. Niligonga kwa kidole nikasikiliza mpaka kushoto na kulia zikasema kitu kimoja. Upande wa kulia nikaweka bembea mpya kabisa. Upande wa kushoto nikarudisha ile ile, nikaifunga upya kwa mkanda mweusi mpya. Nilijua upepo wa Januari unatoka wapi na nilijua tukirudi kutoka kiboya cha mbali atakuwa ananing'inia kushoto, na visiki viko wapi. Nilichora hata njia kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lako. Samahani kwa ukurasa huo.

Wiki moja kabla, nikaenda Kabuchai kumwalika Mayi. Nilitaka aone kwa macho yake. Nilimkuta anapukuchua mahindi kibarazani, na nikamwambia tu kwamba naomba aje kwenye bwawa, kuna mbio ya kukukumbuka, na Gitau ndiye atakayening'inia. Mayi akaacha kupukuchua. Wewe unajua anavyomwangalia mtu. Hakuniuliza swali hata moja, mimi mwenyewe nikaanza kumwaga: waya, kibomba, mzee wa Bungoma, visiki. Na lile neno langu, wachana nayo bana, nikalisema pia. Nilidhani atanifukuza.

Alikung'uta punje kwenye gauni. Kisha akasema, "Akianguka huko majini, mimi nitajua nini? Nitajua mtu mwingine ameanguka. Na watamzika vizuri, na watasimama wamsifu. Mimi sitaki asifiwe. Nataka aseme."

Nikamwambia hawezi kusema, ni mwongo.

Akasema, "Basi umfunge kwa hiyo waya hapa juu, pahali pakavu, watu wakiona."

Siku ya mbio watu walikuwa wengi, wanachama na familia zao, mchungaji, walimu wenzako, hata baadhi ya wale nyanya wa mazishini ambao Mayi aliwabeba kutoka Kabuchai kwa makusudi. Mzee wa Bungoma alikaa chini ya kivuli cha kibanda na kofia yake magotini. Mbayuwayu ilikuwa kwenye trela yake juu ya nyasi, mlingoti umesimama, tanga bado chini. Gitau amevaa mkanda wa kuning'inia, anapiga picha na watoto wa watu.

Nikaomba kusema kidogo. Wote walidhani ni sala. Nikasema kwamba kwenye mazishi ya Nasimiyu tuliambiwa alijifunga vibaya, na kwamba waya alioning'inia upande wa kulia ulipotea, lakini wa kushoto, uliofungwa siku moja na mkono mmoja, huu hapa, sijaubadilisha. Nikamgeukia. Nikamwambia ajifunge ndoana aning'inie, hapa hapa kwenye nyasi, dakika moja tu. Sisi tutashika boti.

Alicheka. Akasema mimi ni mgonjwa, uchungu umenizidi, watu wanisaidie. Akasema hayuko hapo kwa michezo. Nikamwambia kama waya ni mzuri kuna ubaya gani. Akautazama ule mkanda mweusi juu kwenye mlingoti, na nadhani kila mtu pale alimwona anavyoutazama. Baba yangu, ambaye alimlea kama mwanawe, akamwambia kwa sauti ya chini, "Gitau, ning'inia."

Akarudi nyuma hatua moja. Akasema, "Siwezi."

Mayi akanyanyuka kwenye kiti. Sikuwa nimepanga hilo, Nasimiyu, naapa. Alivua kitambaa cha kichwa, akakunja gauni, akaja akashika kishikio cha ile bembea ya kushoto kwa mikono yote miwili. Nilimshika bega nikamwambia Mayi, hapana. Akanitoa mkono. Walimu wenzako wawili wakashikilia boti upande wa pili. Akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiona. Waya ulishika labda kwa kuhesabu moja, mbili. Kisha kikasikika kile kishindo kidogo, jiwe na bati, na Mayi akaenda chini na makalio kwenye nyasi, waya ukamwangukia miguuni.

Hakuna aliyesogea. Alikaa pale chini, akauokota ule mwisho wa waya, akautazama kwa karibu kwa sababu macho yake si mazuri tena. Akawainulia wale nyanya. "Muone," akasema. "Huyu mtoto wangu alikuwa anajua kufunga."

Halafu akamwambia Gitau aseme. Na alisema. Alisema kwa sauti ya mtu anayetapika, alivyosahau, alivyokwenda Bungoma, alivyoogopa, na kwamba pale kaburini alijua anadanganya. Mzee wa miwani alisimama akathibitisha. Nami nikasema langu, la mkanda mweusi, kwa sababu Mayi alikuwa ananiangalia. Mwalimu mkuu wako alilia. Mimi nilimtazama Gitau tu. Nilitaka nione kila kitu.

Jumapili iliyofuata Mayi alimfanya aje Kabuchai ayarudie kanisani, mbele ya watu wale wale. Nilikaa safu ya kwanza. Alipofika kwenye jina lako alishindwa, mchungaji akataka kumsaidia, Mayi akasema mwacheni amalize. Alimaliza. Mayi amerudi kwenye benchi lake la zamani sasa, na sokoni anawakemea watu kama zamani.

Nilidhani nitashiba. Ndicho ninachotaka kukwambia zaidi ya yote, kwamba nilidhani siku ile nitashiba, na sikushiba. Baba mdogo haongei na sisi. Kwetu tumegawanyika, chakula cha Jumapili sasa kinapikwa kwenye nyumba mbili. Kuna wanaosema nimemvunja mtoto wa watu kwa jambo la bahati mbaya, na kwamba wewe ungekuwa umesamehe zamani. Labda. Ulikuwa mwepesi wa kusamehe, hata wale wanafunzi waliokuchorea picha ubaoni. Mimi siko hivyo na sitajifanya. Kila nikifunga macho naona unavyoniangalia wakati unakwenda.

Nimeandikisha taarifa na polisi Kitale, na mzee wa Bungoma ameandikisha yake. Vile vipande viwili vya waya wa kushoto viko kwao, ndani ya bahasha. Kesi itasikilizwa baada ya Pasaka. Wakili wa Gitau ameleta ujumbe tuongee nje ya korti kama familia. Nilimrudishia bila jibu.

Basi nakuahidi hivi. Kila siku ya kesi nitafunga duka na kukaa pale anaponiona. Akiahirisha, nitarudi. Akihamisha, nitamfuata. Nitalisema na neno langu kizimbani, hata kama litaandikwa dhidi yangu, kwa sababu wewe ulianza kuubandua mkanda ule kwa ukucha na mimi nilikuzuia. Na Mbayuwayu sitaiuza. Nimetafuta mtu wa kuning'inia, muuguzi mmoja wa Kitale, mrefu kama wewe, mwenye maswali mengi. Kila kitu anakifungua na kukiangalia kabla hatujagusa maji, na mimi nangoja, hata ikibidi tukose mbio.

Kwaheri, Nasimiyu. Pumzika wewe, mimi bado. Na popote mtu atakaposema tena kwamba ulijifunga vibaya, iwe sokoni, iwe kanisani, iwe nyumbani kwetu mezani, ujue niko njiani kwenda kwake.

Wambui wako wa usukani